Pampas za Chupi kwa Mtoto Anayejifunza Poti: Tuchague Ipi, Tuitupe Wapi

Ndugu Mwenyekiti, walezi wa vituo vya kulelea watoto mchana, na wahudumu wa afya wa mitaa ya Nyamagana na Ilemela hapa Mwanza,

Mzazi anayeleta mtoto wa miaka miwili kituoni siku hizi mara nyingi hubeba pampas za chupi, zile zisizo na vibandiko ambazo mtoto huzivuta juu mwenyewe. Marekani zilianza kuuzwa mwaka 1989. Leo zinapatikana hadi maduka ya Igoma na Buhongwa. Swali tunaloulizwa ni lile lile: kampuni gani nzuri? Naona swali hilo linatangulia mno. Tuanze na kilichomo ndani.

Chukueni mkasi mpasue moja. Upande unaogusa ngozi una utando mwembamba wa plastiki unaopitisha maji. Chini yake kuna nyuzi laini za mti, na katikati ya nyuzi hizo chembe nyeupe mithili ya chumvi. Mwagieni maji kidogo: chembe zinavimba na kuwa ute mzito. Hiyo ni poliakrileti ya sodiamu, na ndiyo inayoshika mkojo. Ikibaki imefungiwa ndani haina neno. Lakini mkiona ute umevuja ukaganda mapajani, au mtoto anauchokonoa na kuutia mdomoni, mvueni papo hapo. Pampas inayopasuka kabla ya saa ya kubadilishwa isinunuliwe tena, hata kama paketi yake inapendeza.

La pili ni manukato. Januari 2019 ANSES, wakala wa Ufaransa wa usalama wa chakula, mazingira na kazi, ilitoa ripoti ya uchunguzi wa pampas zilizokuwa madukani nchini humo. Zilikutwa kemikali zipatazo 60, yakiwamo manukato yanayoweza kuamsha mzio. Ripoti haikusema kuna watoto waliothibitika kuugua kwa sababu hiyo. Ilisema hatari haiwezi kupuuzwa, na ikataka viwanda viache kutia manukato. Sisi huku tunahesabu harufu nzuri kuwa usafi: mama ananusa paketi dukani, anatabasamu, analipa. Desturi hiyo tuigeuze. Ikinukia, rudisha.

Kuna pia zile zinazouzwa moja moja. Siwalaumu wanaozinunua, maana anayeishi kwa kipato cha siku hawezi kununua paketi nzima. Ila pampas iliyokaa wazi mezani Makoroboi, ikashikwa na kila mpita njia, haina tarehe, haina jina la mtengenezaji, wala haisemi ni ya mtoto wa kilo ngapi. Na kilo ndizo za kuangalia, si umri. Afadhali wazazi wawili watatu wachangie paketi moja iliyofungwa, wagawane.

Hata iliyo bora kuliko zote ina kasoro moja kwa mtoto anayejifunza: hahisi kwamba amelowa. Mwaka 1977 watafiti deVries na deVries waliandika kuhusu Wadigo wa pwani ya Kenya. Mama huanza kumzoeza mtoto katika wiki za mwanzo za maisha, akimweka katikati ya miguu yake na kumtolea sauti ya kumwitia mkojo. Kufikia miezi mitano au sita mtoto huwa anajisaidia anapoitiwa. Bibi wa Magu akisikia habari hii sidhani kama atashangaa. Kwa hiyo pampas ya chupi iwe ya safarini na usingizi wa mchana. Saa nyingine mtoto avae chupi ya pamba, poti iwe karibu, na akijikojolea asifokewe.

Tuangalie pia ngozi inayofunikwa na pampas: ikiwa nyekundu na vipele vimeingia hadi kwenye mikunjo, mara nyingi ni fangasi, mpelekeni zahanati. Poda si dawa, na vumbi lake huingia mapafuni.

Nibakie kidogo kwenye utupaji, maana hapo Mwanza ina shida yake. Igogo, Mabatini na Kilimahewa ni milima ya mawe, choo cha shimo huchimbika kwa taabu, ndiyo maana yakalazwa mabomba membamba ya majitaka. Pampas iliyovimba ikiingia humo, anayefurikiwa ni jirani wa chini. Nyingine hutupwa Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani. Wengi huamini kinyesi cha mtoto hakina madhara. Si kweli. Mtoto mdogo naye huugua kichocho. Mayai ya kichocho cha tumbo hutoka na kinyesi, huanguliwa majini, vimelea hukulia ndani ya konokono, kisha humwingia anayeoga au kufua ziwani.

Kwa hiyo kinyesi kikung'utwe chooni kwanza, pampas ikunjwe, ifungwe, iende kwenye gari la taka. Kuichoma uani ni kuwavutisha watoto moshi wa plastiki. Na kwa wenzetu wa visiwani na mialoni ambako gari la taka halifiki, msimamo wangu ni nepi ya kitambaa, ifuliwe mbali na ziwa na kuanikwa juani.

Naomba semina hii iazimie mambo mawili. Kila kituo kiwaandikie wazazi kwamba kinapokea pampas zisizo na manukato, zikiwa kwenye paketi yenye lebo, pamoja na chupi nne za pamba za akiba. Na halmashauri zetu mbili ziombwe kuweka pipa lenye mfuniko katika kila kituo, lizolewe walau mara mbili kwa wiki.