Lau Wajamaa Wangeshinda Berlin



Juzi nilikuwa nimekaa barazani na mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, akidurusu somo la historia. Ghafla akafunga daftari akaniuliza: "Mjomba, hivi kule Ujerumani mwaka 1918 wangeshinda wale wajamaa wenyewe, sisi huku si tungekuwa huru tangu zamani?" Nilitaka kumjibu kwamba historia haina "lau". Lakini swali la mtoto halizimwi kwa mkato. Leo naomba tulijibu pamoja.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Mwanzoni mwa Novemba 1918 mabaharia wa Kijerumani waliasi katika bandari ya Kiel, na uasi ukasambaa miji mingine. Tarehe 9 Kaisari akaanguka. Siku hiyo hiyo jamhuri ilitangazwa mara mbili mjini Berlin. Philipp Scheidemann, mjamaa wa msimamo wa wastani, aliitangaza bungeni. Saa chache baadaye Karl Liebknecht akatangaza jamhuri ya kijamaa. Huyu na mwenzake Rosa Luxemburg waliuawa tarehe 15 Januari 1919, na wale wa wastani wakabaki madarakani.

Wakati huo Jenerali von Lettow-Vorbeck alikuwa bado porini, katika nchi ambayo leo ni Zambia, akiwa na askari na wapagazi wa kwetu. Aliweka silaha chini Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918. Wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi katika vita vile, kwa pande zote mbili, wengi hawana kaburi wala jina kitabuni.

Haya, sasa tuote ndoto ya mpwa wangu. Tuseme Rosa Luxemburg hakuuawa. Mama huyu alikuwa ameandika kitabu mwaka 1913 akieleza jinsi mtaji wa Ulaya unavyoishi kwa kunyonya nchi za mbali. Tuseme serikali yake inatangaza mbele ya dunia kwamba Tanganyika, Kamerun, Togo na Namibia ni mali ya wenyewe, na kwamba kila mpagazi alipwe jasho lake.

Je, tungekuwa huru? Tuseme kweli, ndugu zangu. Dar es Salaam ilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu Septemba 1916, na Wabelgiji walikwisha kuingia Tabora. Berlin haikuwa na kitu cha kutupa. Lakini neno lenyewe lingekuwa na uzito. Waingereza na Wafaransa wangekaa mkutanoni Versailles kugawana nchi ambazo mtawala wake wa zamani amekiri kwamba hazikuwa zake. Aibu hiyo isingewazuia, ila ingewapa wazee wetu ushahidi mkubwa wa kudai haki.

Hiyo ndiyo ndoto. Kuamka ni kuchungu. Tarehe 1 Machi 1919 Bunge jipya la Ujerumani, ambalo wajamaa wa wastani ndio waliokuwa wengi kuliko chama kingine chochote, lilipiga kura kudai makoloni yarudishwe. Waliounga mkono walikuwa 414. Waliopinga walikuwa 7. Watu saba tu! Mfanyakazi wa Berlin alikwisha kumwondoa Kaisari mgongoni mwake, lakini wawakilishi wake hawakuona ubaya sisi tuendelee kubebeshwa.

Mwezi Juni mwaka huo Martin Dibobe, Mkamerun aliyekuwa dereva wa treni mjini Berlin, akishirikiana na Waafrika wenzake, alipeleka madai kwa serikali hiyo: haki sawa, mwisho wa viboko na kazi za shuruti, na mwakilishi wa Waafrika bungeni. Hawakupewa walichoomba. Naye Lettow-Vorbeck alirudi nyumbani akapokewa kwa shangwe, na katikati ya mwaka 1919 aliongoza majeshi kuingia Hamburg kuzima ghasia za wananchi wenye njaa. Mkono uliozoea kuamrisha wapagazi huku ndio uliotumwa kuwanyamazisha makabwela kule.

Mpwa wangu hakukubali kushindwa. "Mbona Ureno ilipopindua, Msumbiji ikapata uhuru?" Swali zuri. Ni kweli, tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi walipindua serikali mjini Lisbon, na Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975. Lakini nani aliyewachosha wanajeshi wale? Ni miaka 13 ya vita, tangu Angola mwaka 1961, kisha Guinea-Bissau, kisha Msumbiji. Ni vijana wa FRELIMO, chama kilichozaliwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1962, waliofundishwa Nachingwea wakavuka Ruvuma. Mapinduzi ya Lisbon yalianzia Afrika, ndipo yakafika Ulaya.

Basi jibu langu kwa kijana lilikuwa hili: wema wa watu wa mbali ni kitu cha kushukuru, wala tusimdharau Rosa Luxemburg na wale saba. Lakini si kitu cha kungojea. Hata leo nasikia vijiweni watu wakibishana hadi usiku nani atashinda uchaguzi wa nchi kubwa, kana kwamba mshindi ataapishwa kuja kuchimba kisima chetu. Wakati huo huo, mkutano wa mtaa ukiitishwa, viti vinabaki vitupu.

Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Na aliyeko Berlin, London au Washington hata ndugu si ndugu.

Mpwa wangu alifungua tena daftari lake. Sijui kama alikubali, lakini niliona ameandika namba 414 na 7, akaipigia mstari ile ya pili.