Sauti Nne Bila Kipaza Sauti

(Maneno ya katekista, siku ya Jubilei ya Parokia)



Nimeombwa niseme machache juu ya nyimbo katika parokia yetu. Sitahesabu korali zote wala sare zao. Nitasimulia jioni moja tu, kwa kuwa jioni ile mimi, mwalimu wa korali, nilifundishwa.

Katika seminari ndogo ya Mugeri nilijifunza kusoma noti, na kuitunza sauti yangu kati ya sauti za wenzangu. Lakini tulipopata vipaza sauti nililisahau fundisho hilo. Niliwaweka waimbaji watatu mbele ya mikro, nikawaamuru wengine wapunguze sauti. Wazee wa sauti ya nne wakaona hawahitajiwi tena. Mmoja mmoja, bila neno, walirudi kuketi mabenchini. Sikumfuata hata mmoja.

Ikafika jioni ya tamasha la Noeli. Kanisa lilijaa hadi mlangoni. Katikati ya wimbo wa pili umeme wa Ruzizi ukakatika. Mikro zikanyamaza, kinanda kikanyamaza, nao waimbaji wangu watatu wakakwama. Gizani watoto wakaanza kupiga kelele.

Ndipo kutoka mabenchi ya nyuma ikainuka sauti ya nne, nzito na tulivu, kama msingi unaongoja nyumba. Ni wazee wale! Sauti ya tatu ikaegemea juu yake, kisha ya pili, na mwisho ile ya kwanza, ya mabinti. Hakuna aliyetaka kumshinda mwenzake, kwani kila mmoja alipaswa kumsikia jirani ili ajue mahali pa kuiweka sauti yake. Kuta za matofali zikaupokea wimbo na kuturudishia. Watoto wakatulia. Nilisikia hata pumzi za waimbaji kabla ya kila mstari.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransiskani, pamoja na waimbaji wake, waliitengeneza Missa Luba kwa sauti za watu na ngoma, nayo ikasikika hata Ulaya. Tena Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulitaka korali zitunzwe, lakini waamini wote wapate sehemu yao katika kuimba. Mimi niliitunza mikro, nikawanyima ndugu zangu sehemu yao.

Sividharau vipaza sauti. Katika sikukuu kubwa, wanaosimama nje huisikia Injili kwa msaada wake. Naomba tu kwamba kila Dominika tuimbe walau wimbo mmoja bila mikro, ili tusisahau kusikilizana.

Nanyi wazee wangu wa sauti ya nne, mbele ya Jubilei hii nawaomba msamaha. Mahali penu hapajakaliwa na mtu. Alhamisi, saa kumi za jioni, tunafanya mazoezi; nitawangoja mlangoni.

Mungu awabariki.