Arthur Wint: zahabu haikuwa mwisho wa mbio



Mbio za Jamaika, sisi wote tunazijua juu ya Usain Bolt. Hata mutoto mudogo mu avenue anaweza kukuonyesha ginsi Bolt alikuwa ananyoosha mukono kama mushale. Lakini leo tumekuja kuwaelezea mutu mwingine, mwenye alifungua ile njia miaka 60 mbele ya Bolt. Jina lake ni Arthur Wint. Tumemuchagua si juu ya medali peke. Tumemuchagua juu ya mambo alifanya kisha medali.

Wint alizaliwa tarehe 25/5/1920 mu Jamaika, kisiwa kidogo chenye kilikuwa koloni ya Uingereza. Alikuwa murefu sana, karibu metre 2. Wakati wa vita ya pili ya dunia, yeye na ndugu zake wawili waliingia mu jeshi la anga la Uingereza, na yeye akakuwa rubani. Vita ilipoisha, angeweza kubaki na cheo chake na mushahara wake. Lakini mu 1947 aliacha jeshi, akaenda kusomea unganga ku hospitali ya St Bartholomew's, London. Alikuwa na miaka 27. Wale kati yetu wenye wanasema "miye nimeshakuwa mukubwa kwa kuanza masomo", muisikie hiyo.

Mwaka wa 1948, Olimpiki ikafanyika mu London. Jamaika ilikuwa inashiriki mara ya kwanza. Mu mbio za metre 400, watu walikuwa wanangojea Herb McKenley, Mujamaika mwenzake, mwenye alikuwa na rekodi ya dunia. McKenley aliondoka kwa nguvu, akawaacha wote. Mu metre za mwisho, Wint na ile miguu mirefu akamufikia, akamupita. Sekunde 46.2. Ilikuwa medali ya kwanza ya zahabu ya Jamaika. Na Jamaika ilipata uhuru wake mu 1962 tu. Kwa hiyo koloni ilikuwa na mushindi wa dunia miaka 14 mbele ikuwe na bendera yake.

Sasa tufike ku sehemu yenye watu hawapendi kueleza. Mu Olimpiki ile ile kulikuwa mbio za kupokezana, mara 4 metre 400. Wajamaika walikuwa na tumaini kubwa. Wint akiwa katikati ya mbio, musuli ukakatala. Hakuweza kumaliza. Na yeye akishindwa, timu yote ilikuwa imeshindwa, hata McKenley mwenye alikuwa anangojea zamu yake bila kukimbia hata hatua moja.

Miaka 4 kisha, mu 1952, ku Helsinki, ni wale wale wane walirudia: Wint, Leslie Laing, McKenley na George Rhoden. Safari hii Wint alianza. Laing akafuata. Wamarekani wakatangulia, lakini McKenley akakimbia mbio ya ajabu, akarudisha ile nafasi yote, na Rhoden akamaliza. Dakika 3 na sekunde 3.9, rekodi mupya ya dunia. Marekani ilikuwa nyuma kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Ku metre 800 pia, Wint alipata medali ya feza mara mbili, 1948 na 1952. Mara zote mbili ni Mal Whitfield wa Marekani njo alimushinda. Kwa hiyo hatuko tunawaelezea mutu mwenye hakuanguka. Tuko tunawaelezea mutu mwenye alianguka mbele ya dunia yote, na wenzake wakakubali kukimbia naye tena.

Mu 1953 Wint alipata diplomu ya unganga. Mushindi wa Olimpiki, rubani wa zamani, munganga mwenye alisomea London: nani angemulaumu kama angebaki kule? Mu 1955 alirudia kwao. Kisha akaenda kukaa mu Hanover, mbali na Kingston, muji mukubwa. Mu ile sehemu yote, yeye njo alikuwa munganga peke mwenye kukaa na watu.

Tupime jambo hilo na historia yetu. Tarehe 30/6/1960, Kongo ilipopata uhuru, hatukukuwa na hata Mukongomani mumoja mwenye diplomu ya udaktari ya chuo kikuu. Wakoloni walitufunga huo mulango. Leo mulango uko wazi, hata kama minervali inatesa wazazi, na vijana wetu wanamaliza masomo. Lakini munganga kijana, kisha masomo, anatumwa mahali hakuna dawa, mushahara haufike, halafu tunashangaa anatafuta visa. Hatutasema ni mubaya. Tutasema mambo mawili pamoja: kijana akumbuke watu wake, na serikali imulipe kazi yake. Ukisema moja peke, unadanganya.

Kutoka 1974 mpaka 1978, Jamaika ilimutuma Wint London kama balozi wake, na tena kama balozi mu Sweden na Denmark. Muangalie mpangilio. Kwanza alitumika, kisha njo akapewa cheo. Kwetu mara mingi inaendaka kinyume: mutu anatafuta cheo, kisha anasahau kutumika. Na muwaze pia: muji wenye alikuwa amefika kama kijana wa koloni, alirudia mule kusema kwa jina la inchi huru.

Wint alikufa mu 1992. Alikuwa amekimbia metre 400 zake kwa sekunde 46. Ile kazi ingine ilimuchukua miaka karibu 40.

Vijana wenzetu, hatuwaombe mupate medali. Tunawaomba jambo moja: wewe mwenye kusomea unganga, sheria, umeme ao kushona, ukifika ku nyumba leo jiulize ni nani, mu quartier yako, atafaidika na hiyo kazi. Kama haukupata hata jina moja, anza kutafuta kesho asubuhi.