Baada ya Mtihani: Kijana, Kazi na Mpaka

Hotuba kwa wazazi na vijana wa wilaya za mpakani, Kigali



Mmefika Kigali kutoka Rubavu, Rusizi, Burera, Nyagatare na Kirehe. Kwenu kuvuka mpaka si jambo geni. Ng'ambo kuna soko, na kuna ndugu. Sikuja kuwakataza safari. Nimekuja kuzungumzia miezi michache inayofuata mtihani wa mwaka wa sita wa sekondari.

Katika miezi hiyo kijana si mwanafunzi tena, wala hajawa mfanyakazi. Matokeo hayajatoka, na nyumbani mahitaji hayapungui. Hapo ndipo hutokea mtu mwenye maneno matamu: kazi ya hoteli ipo, nauli imelipwa, kinachotakiwa ni kitambulisho tu, na wazazi wasiambiwe kwanza. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sheria Na. 51/2018 inayopambana na biashara ya binadamu humhukumu anayewauza watu nje ya mpaka kifungo cha miaka 20 hadi 25. Hata hivyo, kifungo hicho hakimrudishii kijana miaka yake. Kinga ni bora.

Kijana, kabla hujakubali, uliza: Mwajiri ni nani? Mkataba ulioandikwa uko wapi? Hati zangu atazishika nani? Mtu akikasirika kwa kuulizwa hayo, jibu umekwisha kulipata.

Mzazi, usimwite mwanao mzigo naye angali akingoja matokeo. Anayesukumwa nje ya nyumba hupokelewa na yeyote. Fuatana naye mkaulize nafasi za mafunzo ya ufundi. Vyuo vya Politekniki ya Rwanda haviko Kigali peke yake. Viko pia Musanze, Karongi, Ngoma na Gishari. Fundi umeme au fundi ujenzi aliyefunzwa vyema huvuka mpaka akiwa na ujuzi wa kuuza, wala hauzwi yeye.

Mkiwa na shaka, pigeni simu polisi, nambari 112, bila malipo. Msingoje mpaka mtoto aondoke. Na aliyekwisha kuvuka akadanganywa, asione haya kurudi wala kusimulia yaliyompata. Tutampokea kama mtoto wetu, na maneno yake huenda yakamwokoa mwenzake.