Nyumba ya Mbao na Warithi Wake
Hotuba kwa wazee na vijana, katika siku za Yubilei



Katika siku hizi za Yubilei swali moja limerudi mara nyingi midomoni mwa watu: vitu vya zamani tuvitunze, ama tuviondoe tujenge vipya? Sisi hatukusimama hapa kulikata shauri hilo. Tumeona vema kuwasimulia habari za nyumba moja ya mbali, kwa maana jambo la jirani huonekana wazi zaidi likitazamwa kwa jirani mwingine.

Nyumba hiyo iko katika mji wa Pasadena, jimbo la California, huko Marekani. Inaitwa nyumba ya Gamble. Ilichorwa mwaka 1908 na ndugu wawili wa tumbo moja, Charles na Henry Greene. Kabla ya kusomea uchoraji wa majengo, vijana hao walipita katika shule ya mji wa St. Louis, ambako mwanafunzi alifundishwa kushika randa na nyundo pamoja na kitabu. Kwa hiyo walipochora ubao, walijua ubao ni kitu gani.

Wakati ule watu wengi walichoshwa na vitu vya viwanda, vilivyotoka katika mashini vyote sura moja. Huko Uingereza William Morris alikuwa amekwisha kusifu kazi ya mkono, na Marekani Gustav Stickley alitoa gazeti lake, The Craftsman, kuanzia mwaka 1901. Ndipo zikatokea nyumba zinazoitwa bungalo. Neno hilo lilitoka Bengali, nchi ya India, kwenye nyumba fupi zenye paa pana na baraza. Sisi tunaoketi barazani jioni tunaelewa bila kufafanuliwa faida yake.

Nyumba ya Gamble ni kubwa kupita bungalo za kawaida, lakini imeshika desturi zake. Paa lake halikwenda juu sana. Limetandaa mbali kupita kuta, likizuia jua kali. Juu kuna baraza za kulalia, watu wapate upepo wa usiku. Ndani mna teki, akaju, mwerezi na mwaloni. Fundi hakuficha viungo: mbao zinapokutana, jicho linaona jinsi zilivyoshikana, na kila pembe imelainishwa hata mkono haukwaruzwi. Kazi hiyo iliongozwa na Peter Hall na nduguye John, watu wenye asili ya Uswidi. Vioo vya mlango mkubwa vilitengenezwa na Emil Lange. Vinaonyesha mti wa mwaloni, na jua likipita ndani yake, sebule yote hupata rangi.

Ni nani waliokaa humo? Bwana David Gamble alikuwa wa ukoo wa watengeneza sabuni wa Cincinnati, akaiacha kazi mwaka 1895. Mkewe aliitwa Mary, na dada yake Mary, Julia Huggins, alikaa pamoja nao. Nyumba ilipokuwa ikijengwa, wao walikuwa safarini Asia. Mwana wao Sidney aliipenda China tangu safari ile. Baadaye alirudi kuchunguza maisha ya watu wa Peking na kuwapiga picha nyingi. Bwana David alifariki mwaka 1923, Mama Mary mwaka 1929. Julia alibaki humo mpaka kifo chake mwaka 1943.

Na sasa, ndugu, sikilizeni vizuri. Mwaka 1946 Cecil, mwana wa kwanza, aliingia humo na mkewe Louise. Nyumba za namna ile zilikuwa zimepitwa na wakati, hakuna aliyezitamani. Wakafikiri kuiuza. Inasimuliwa kwamba watu walikuja kuitazama, na mmoja wao akasema kwamba wakiinunua, mbao zote za ndani watazipaka rangi nyeupe. Warithi waliposikia hayo, wakaacha kuuza. Mwaka 1966 ukoo ukaitoa nyumba kwa mji wa Pasadena, pamoja na chuo kikuu cha Southern California, ili watu wote waione. Mwaka 1977 serikali ya Marekani iliitia katika hesabu ya majengo ya sifa kuu ya taifa. Kwa miaka mingi wanafunzi wawili wa uchoraji wa majengo waliishi humo kila mwaka, wajifunze kwa macho na mikono.

Tuangalie basi. Nyumba hiyo haikuokolewa na utajiri wa aliyeijenga, kwa maana matajiri wengine walijenga, na nyumba zao zikabomolewa. Iliokolewa na watu waliotambua, dakika ya mwisho, kwamba walichokuwa nacho hakiwezi kufanywa tena. Kopo moja la rangi lingetosha kuifuta kazi ya mafundi wote wale.

Nasi hatuna teki wala vioo vya Lange. Lakini tunayo matofali yaliyochomwa na babu zetu, na milango iliyochongwa na mikono tunayoijua majina. Kabla ya kushika kopo la rangi au nyundo ya kubomolea, tuwaulize wazee: ni nani aliyejenga hapa, na kwa nini hivi? Jibu likikwisha kusikiwa, ndipo tukate shauri.