Mwanafunzi Ugenini na Homa ya Mafua

Kila mwaka vijana wetu kadha wa kadha husafiri kwenda Uingereza kusoma. Wazazi huwapa nguo za baridi, nauli na baraka. Lakini neno moja husahauliwa mara nyingi, nalo ndilo tunalotaka kuzungumza nanyi leo: mwanafunzi afanyeje apate kuwa salama, homa ya mafua ienezapo katika nchi ya ugenini?

Labda mtu atasema, "Mafua ni nini? Si makamasi tu?" La, hasha! Mafua ya kawaida humpigisha mtu chafya, naye huendelea na kazi yake. Homa ya mafua, ambayo madaktari huiita influenza, humwangusha mtu ghafula. Asubuhi yu mzima, jioni hawezi kuinua kichwa. Mwili wawaka moto, viungo vyote vyauma, na kikohozi hakimpi usingizi. Mwaka 1918 maradhi haya yalifika pwani yetu kwa merikebu, yakapanda bara kwa gari la moshi; na yakadiriwa ya kuwa watu wapatao milioni 50 walikufa katika ulimwengu wote. Mwaka 2009 yalizuka tena kwa sura mpya, na ajabu yake ni kwamba yaliwashambulia vijana kuliko wazee.

Mwaka huo wa 2009 sisi tulikuwa wanafunzi Uingereza. Mwezi wa Oktoba mwenzetu mmoja, mtu wa nchi zetu hizi, akashikwa na homa. Akasema moyoni, "Hii ni malaria," akameza vidonge alivyochukua kutoka nyumbani, akajifungia chumbani. Hakumwita daktari, kwani aliogopa gharama, tena aliogopa kuonekana mgeni dhaifu. Siku ya pili tulipopata habari tukafanya kama tulivyolelewa: tukaenda sote kumjulia hali. Tukaketi watu sita kitandani pake, dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi, tukanywa chai kwa vikombe viwili tukipokezana. Nia yetu ilikuwa njema, lakini kabla ya juma kwisha wanne katika sisi tulikuwa tumelala. Naye mwenzetu, homa ilimwacha siku moja, kisha ikamrudia kwa nguvu, pamoja na maumivu ya kifua. Ilikuwa nimonia. Alichukuliwa hospitali usiku, akakaa huko siku kumi na moja, na kwa rehema ya Mungu akapona. Wahenga hawakukosea waliponena, mficha maradhi kilio humfichua.

Basi tulijifunza nini? Kwanza, tulijifunza ya kuwa baridi yenyewe si mama wa maradhi haya. Homa ya mafua huletwa na virusi, navyo hutoka kwa mgonjwa akikohoa, akipiga chafya, hata akisema. Wakati wa baridi watu hujikusanya ndani na kufunga madirisha, hivyo virusi hupata njia rahisi. Kwa hiyo fungua dirisha kidogo kila siku, hata kama baridi yauma. Nawa mikono kwa sabuni, wala usijiguse macho na pua ovyo. Kohoa katika leso ya karatasi, kisha uitupe.

Pili, iko chanjo. Virusi hivi hubadilika kila mara, kwa hiyo chanjo ya mwaka jana haitoshi mwaka huu. Yafaa kuchanjwa mwezi wa Oktoba, kabla ya baridi kali, kwa kuwa mwili wahitaji majuma mawili hivi kujiandaa. Huko Uingereza wenye kisukari au selimundu, na wenye pumu inayohitaji dawa za steroidi, huchanjwa bure. Wengine waweza kuinunua chanjo hiyo katika maduka ya dawa.

Tatu, jiandikishe kwa daktari wa mtaa juma lile lile ufikapo, ungali mzima. Mwanafunzi aendaye kwa zaidi ya miezi sita hulipa ada ya afya aombapo viza. Akiisha kulipa, kumwona daktari hakumgharimu kitu tena. Mwenzetu aliogopa gharama ambayo haikuwapo! Tena ukishikwa na homa, mwambie daktari tangu mwanzo, "Nimetoka nchi yenye malaria." Huenda ikawa mafua, huenda ikawa malaria kweli, na mtu hawezi kuzipambanua kwa kukisia, damu sharti ipimwe.

Nne, mgonjwa apumzike, anywe maji mengi, ale uji na supu, wala asiende darasani. Dawa za kuua bakteria haziui virusi vya mafua, basi asizimeze bila amri ya daktari. Lakini akiona pumzi yapungua, kifua chauma, akili yavurugika, au homa iliyokwisha ondoka yarudi, asingoje kuche. Apige simu 999 mara moja.

Tano, chagua mapema rafiki mmoja na kuagana naye. Ugenini jirani habishi hodi. Mmoja wenu akiugua, mwingine amletee chakula mlangoni na kumwuliza hali kwa simu asubuhi na jioni. Hivyo desturi yetu njema ya kumwangalia mgonjwa haivunjwi; imebadili njia tu.

Nanyi wazazi, tunawasihi: mtoto akiwaarifu ya kuwa ni mgonjwa, msimlaumu, wala msimwambie avumilie kama mwanamume. Mwulizeni neno moja tu: "Umekwisha mwona daktari?" Twaamini ya kuwa mwenzetu angaliulizwa hivyo siku ile ya kwanza, asingalifika hospitali usiku wa manane. Elimu ni mali, lakini mwenye kuibeba sharti arudi nayo akiwa hai.