Mkalimani wa Mahakama ya Guntur



Magazeti yetu yana sentensi ambayo macho yameizoea: mtuhumiwa anashikiliwa na polisi kwa mahojiano. Tunaisoma, tunafungua ukurasa mwingine. Neno hilo hilo, mahojiano, ndilo jina la filamu iliyonileta mbele yenu jioni hii. Kwa Kitamil ni Visaranai. Iliongozwa na Vetrimaaran, ikaonyeshwa mara ya kwanza katika tamasha la Venice mwaka 2015, na mwaka uliofuata India ikaiteua iiwakilishe kwenye tuzo za Oscar.

Huku kwetu kila filamu itokayo India tumeiita picha ya Kihindi. Hii si ya Kihindi, na naomba tusilipite jambo hilo haraka, maana humu ndani lugha ndiyo inayoamua nani apone. Pandi na wenzake ni vibarua Watamil waliokwenda Guntur, jimbo la Andhra Pradesh, kutafuta riziki. Huko husemwa Kitelugu. Usiku wanalala kwenye bustani ya umma. Polisi wanawazoa, wanawapiga, wanawataka wakiri wizi wasioujua. Fimbo inafika kwanza, maana ya swali inafuata baadaye. Kuna kesi inayotakiwa kufungwa upesi, na wageni maskini wasio na wa kuwaulizia ndio wanaofaa kuifungia.

Mahakamani anatokea Muthuvel, askari wa Tamil Nadu aliyekuja kwa shughuli zake. Anawatafsiria mbele ya hakimu. Kwa mara ya kwanza wanasikika, na wanaachiwa. Nimeitazama sehemu hii mara nyingi, na kila mara moyo unanipanda. Samuthirakani, aliyepata tuzo ya taifa ya mwigizaji msaidizi kwa nafasi hiyo, ana uso wa mtu mwema aliyechoka. Unamwamini kama wanavyomwamini wao. Kisha anawaomba wamsaidie kumkamata K.K., mkaguzi wa hesabu anayejua siri za fedha za wanasiasa. Nani angemkatalia mtu aliyemrudishia sauti yake?

Wanamkamata, wanafika naye Chennai, Tamil Nadu, na wanabakizwa kituoni wafanye usafi. Wakiwa na fagio mkononi wanasikia mipango ya wakubwa, na safari hii kila neno linawaingia, kwa sababu ni lugha ya mama zao. K.K. anafia mikononi mwa polisi. Kule Guntur waliteswa kwa kutoelewa. Chennai wanawindwa kwa sababu wameelewa. Sijaona filamu nyingine ya polisi iliyolijenga jambo hili kwa uchungu kama huu, na bila wimbo hata mmoja.

Sinema ya Kitamil ina desturi ndefu ya kumtukuza askari. Katika Singam ya mwaka 2010 Suriya ni simba mwenye sare, na ukumbi unashangilia kila kofi lake. Visaranai imezaliwa upande wa pili wa kofi. Imetokana na riwaya ya M. Chandrakumar, dereva wa bajaji wa Coimbatore, ambaye mwaka 1983 alikamatwa na kuteswa yeye mwenyewe huko Guntur. Ndiyo maana kamera inakaa sakafuni pamoja na waliofungwa, ikitazama viatu vinavyokuja. Na asije mtu akaniambia hayo ni ya zamani: Juni 2020, katika mji wa Sathankulam, Tamil Nadu, baba na mwanawe walikufa baada ya kushikiliwa na polisi. Chanzo kilikuwa madai kwamba duka lao lilipitisha saa za kufunga wakati wa korona.

Wanafunzi wangu wa ukalimani wako humu. Nimewaomba mafundi watuonyeshe ile sehemu ya mahakamani, na nimeagiza maandishi ya tafsiri yaondolewe. Tazameni midomo ya Pandi kabla Muthuvel hajainuka.